Bunduki ya Karonga

Habari ilisomwa redioni saa mbili asubuhi. Ilipofika saa mbili na robo, Bunge la Pumba lilikuwa limekwisha kuijadili, kuipitisha na kuifanyia marekebisho matatu.

Bunge lenyewe lilikuwa benchi moja refu nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, barabara ya kwenda Ngonga, wilayani Kyela, likiegemea kilima cha pumba kirefu kuliko paa la shule. Wenye mpunga walikaa hapo kusubiri zamu yao. Wasio na mpunga walikaa kusubiri wenye mpunga. Chai ya tangawizi na vitumbua vilikuwa vya Felista, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua nani anyweshwe na nani anyamazishwe, walimwita Spika. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Vyama vya siasa vilikuwa vimezidi vyoo kwa idadi, na kila kitu kilikuwa ruksa, hata kukaa bila kazi, jambo ambalo miaka kumi nyuma mgambo angekubeba nalo mzimamzima.

"Narudia kwa faida ya waliochelewa," alisema Hezroni, mwenye redio. Huyu walimwita Hansadi, maana alikumbuka kila neno lililowahi kusemwa kijiweni hapo, hasa yale ambayo hayakusemwa. "Kila mwenye silaha isiyo na kibali, iwe gobole, iwe bastola, iwe bunduki ya babu, aisalimishe polisi kabla ya Ijumaa jioni. Atakayesalimisha hataulizwa kitu. Atakayekutwa nayo Jumamosi, jela miaka mitano."

"Hiyo 'bunduki ya babu' wameisema wao au umeitia wewe?" aliuliza Felista.

"Wamesema 'ya aina yoyote'. Kwani babu si aina?"

Benchi zima likageuka kumtazama Angetile. Angetile alikuwa na kitumbua nusu ya njia. Akakirudisha kwenye sahani.

Angetile walimwita Kapteni, na ukapteni wake haukuwa wa jeshi. Ulikuwa wa ing'oma, ngoma ile ambayo wanaume wazima huvaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakapanga mistari, wakapiga kwata kufuata mdundo, kana kwamba vita ya Mjerumani haikwisha ila ilipata wapiga ngoma wazuri zaidi. Kapteni wa kila kikundi hutangulia na kitu mkononi. Huyu fimbo, yule mgwisho, mwingine filimbi tu na majigambo. Angetile alitangulia na bunduki.

Bunduki ya Karonga, ndivyo ilivyoitwa. Kuanzia Njisi hadi Lyulilo kila mtu aliijua habari yake: babu yake Angetile, askari wa Mjerumani, alivuka nayo mto Songwe, ulio mpakani, mwaka wa kumi na nne kwenda kupigana Karonga, akarudi nayo peke yake, Wajerumani wakiwa wameshaanza kutafuta njia ya kurudi kwao. Katika masimulizi ya karibuni alivuka mto amepanda mgongoni kwa mamba, mtutu ukiwa kisogoni mwa mamba. Kikundi cha Ngonga hakikuwa kimeshindwa miaka minne. Na Jumamosi hiyo hiyo, wapiga ngoma wa Karonga walikuwa wanavuka kuja kulipiza, pamoja na wake zao, mashemeji zao, na hasira ya miaka themanini.

Bila bunduki, Angetile alikuwa mzee wa miaka sitini na tatu mwenye kaptula.

"Ijumaa ni keshokutwa, Kapteni," alisema Ambwene, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Kwacha, kama fedha ya ng'ambo ya mto, kwa kuwa biashara zake zote zilianzia huko na madeni yake yote yalibakia huku. "Ama ngoma bila bunduki, ama bunduki bila ngoma. Huko Ruanda hawachezi ing'oma."

"Ruanda ni gereza la Mbeya," Hansadi alimfafanulia Samsoni.

"Najua Ruanda," alisema Samsoni, fundi baiskeli, ambaye walimwita Breki kwa sababu baiskeli alizotengeneza hazikuwa nazo. "Mwenye gereza asipoijua Ruanda, ataijua nani?"

"Gereji," Hansadi alimsahihisha.

"Hata gereji."

Angetile hakucheka. Moyoni mwake palikuwa na jambo ambalo alikuwa amelikalia miaka minane kama kuku aliyekalia jiwe, na sasa lilimchoma. Babu yake alikuwa mpishi wa misheni ya Matema. Vita ilimpita jikoni akimenya viazi. Bunduki ile Angetile aliipata mwaka wa themanini na sita kwa mzungu mmoja mkulima wa tumbaku upande wa Mzuzu, ng'ambo ya mto, aliyekuwa anafunga virago. Ilikuwa inaning'inia juu ya meko ya sebuleni. Mzungu alimwambia wazi: hii ni kopi, imetengenezwa Italia, kuna kiwanda kinazifyatua kama matofali, mtutu umezibwa, haiwezi kumdhuru hata panzi. Angetile alikuwa ameishika mkononi wakati anaambiwa hayo, na akaona hayamhusu. Ilikuwa imemkaa begani kama iliyopimwa. Mbao yake nyekundu ya kung'aa, chuma chake cha baridi, na ukiikoki inalia *klaki*, sauti ambayo hata mbuzi huelewa.

Sasa kwa mara ya kwanza hayo maneno yalianza kumhusu. Bunduki ya kweli, basi jela au kuisalimisha. Bunduki ya kopi, basi hakuna kosa, anabaki nayo na Jumamosi anacheza. Ila ili abaki nayo lazima aseme ni kopi, na akisema ni kopi, atakuwa anabaki na nini?

Akaamua kuonja maji kwa kidole.

"Hivi," alisema, "nauliza kama raia tu. Mtu akiwa na bunduki iliyotengenezwa juzi, ikafananishwa na ile ya zamani, haitoi risasi, haitoi chochote. Hiyo nayo ni silaha?"

"Nani anatengeneza upuuzi huo?" aliuliza Samsoni.

"Wazungu. Wapo wanaozipenda. Wanazitundika ukutani."

"Waliokuwa na za kweli?"

"Hao hao."

Samsoni akafikiri, mkono ukiwa kwenye kikombe. "Mimi nawaelewa. Ya kweli ina kutu, ina jasho la marehemu, huenda ina mzimu. Ukiiweka sebuleni watoto wanaota ndoto mbaya. Kopi ina vanishi tu. Unapata ushujaa bila msiba."

"Sasa ushujaa gani huo usio na msiba?" aliuliza Hansadi. "Huo si ushujaa, huo ni fanicha."

"Wewe redio yako si kopi ya Kichina? Mbona unaisikiliza?"

"Inasema kweli."

"Imesema 'bunduki ya babu'?"

Felista akampa Samsoni kitumbua cha nyongeza.

"Mimi niwaambie siri ya wanaume," alisema. "Mwanamume ukimpa kitu kirefu, huku mbao huku chuma, mgongo unanyooka wenyewe. Haulizi kama kinalia. Marehemu mume wangu alikuwa akishika mwiko wa kusongea anasimama mlangoni kama analinda benki. Leteni bunduki ya udongo ya mfinyanzi wa Kikisi, mtaipigania. Mnachopenda si bunduki, mnapenda kutazamwa mmeshika."

"Spika, hoja hiyo ingefaa kutolewa kwa maandishi," alisema Hansadi.

"Lakini ya Kapteni ni ya kweli," alisema Kwacha, akimpiga Angetile begani. "Ndiyo maana inauma. Mimi mke wangu wa Karonga nilimpata kwa bunduki ile. Nilimwambia baba mkwe, mimi ni mjukuu wa ukoo ule ule ulioleta bunduki. Ng'ombe wakapungua wawili, papo hapo."

"Wewe si wa ukoo wangu," alisema Angetile.

"Bunduki inapanua ukoo."

"Na mjomba wangu Andendekisye?" alisema Hansadi. "Ule mguu alioburuta mpaka kaburini mnadhani uliumizwa na nini? Bunduki hiyo hiyo. Babu yako aliifyatua akitaka kuua tai, ikampata mjomba. Nimesimulia hilo kwenye misiba minne. Mchungaji alilitia hata kwenye mahubiri."

Mjomba Andendekisye aliangukiwa na mkungu wa ndizi, Angetile mwenyewe alikuwepo. Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa: aliweka uongo mmoja ukutani, jirani wakaja kuazima, na kila mmoja akaurudisha na wa kwake juu.

Hapo ndipo baiskeli ya Koplo Lameck ilipopinda kona, ikifuata harufu ya tangawizi kama kila asubuhi. Koplo Lameck alikuwa mtu wa mikoa ya kati, mpole, mwenye daftari la mfukoni ambalo alilishika kama Biblia.

"Ugonile, Afande," alisema Felista.

"Ndaga, mama," alisema Koplo, aliyekuwa na maneno mawili ya Kinyakyusa, la salamu na la asante, na hakuwahi kuyapatanisha na wakati wake. Akakaa. "Mmesikia tangazo?"

"Tumesikia."

"Basi mnisaidie. Kituo kizima tumepata gobole moja lisilo na kitako, na mshale. Wilaya nyingine wanapeleka vitu kwa gari. Mkubwa amenitazama leo asubuhi mpaka nikaona aibu ya kuwa na viatu." Akapuliza chai. "Mzee Angetile, nimekuja kwa heshima. Nikuandikie kusalimisha kwa hiari, hakuna swali, hakuna jela. Lakini Jumamosi nikikukuta nayo uwanjani, mbele ya watu elfu, mimi nitafanyaje?"

Mashine ya kukoboa ikazimwa wakati huo huo, kama nayo ilitaka kusikia.

Angetile akasimama. Alijua kwamba akisita hata kidogo hatalisema tena maisha yake yote.

"Afande," alisema, "na ninyi ndugu zangu. Ile bunduki si ya babu. Babu alikuwa mpishi. Ni kopi, imetoka Italia, nilipewa na mzungu wa tumbaku huko Mzuzu mwaka wa themanini na sita. Haijawahi kutoa risasi wala haitatoa. Kwa hiyo haisalimishwi, kwa kuwa si silaha."

Mbele ya macho yake Angetile aliona nyumba nzima ya hadithi ikitikisika: mamba, mguu wa mjomba, ng'ombe wawili wa Kwacha.

"Alikupa tu hivi hivi?" aliuliza Hansadi taratibu.

"Tulibadilishana. Kwa gunia la mchele."

"Mchele wa Kyela?"

Hapa Angetile angeweza kusema ndiyo, na pengine ingeishia hapo. Lakini mtu akishaanza kuungama huwa kama mtu aliyeanza kushuka mlima wa Livingstone kwa baiskeli ya Samsoni.

"Nilimwambia ni wa Kyela," alisema. "Ulikuwa mchele wa msaada. Ule wa njano. Niliutia kwenye gunia la kwetu."

Kikombe cha Samsoni kilianguka. Felista akajishika kifua.

"Umesemaje?" aliuliza Hansadi.

"Wa msaada."

"Ukauita wa Kyela."

"Naye alikuwa ananipa bunduki ambayo si bunduki, nikaona tumelingana."

Hansadi akasimama, akavaa kofia, akaivua, akakaa. Alipoongea alimwongelesha Koplo, kama wakili mbele ya hakimu.

"Afande, wewe ni mgeni, sikulaumu. Hapa Ngonga mtu anaweza kuiba mke wa mtu. Anaweza kuhamisha mpaka wa shamba. Anaweza hata kuhamia chama kingine. Lakini kuchukua mchele wa njano usio na harufu, ukautia jina la Kyela, ukampa mtu aliyeko ugenini akapike mbele ya wageni, hilo hakuna aliyezaliwa na mama wa hapa anayeweza kulifanya. Wanafanya watu wa mijini. Namjua baba yake huyu. Namjua babu yake. Haiwezekani."

"Haiwezekani," alisema Samsoni.

"Nimefanya," alisema Angetile.

"Kaa chini, Kapteni. Umechanganyikiwa na uchungu." Hansadi akamgeukia tena Koplo. "Na kama la mchele ni uongo, basi na la bunduki ni uongo, maana yametoka mdomo mmoja kwa pumzi moja. Mzee anajisingizia ubaya ili asinyang'anywe bunduki ya babu yake. Nani asingefanya hivyo? Mimi machozi yananitoka."

Na kweli yalikuwa yanamtoka.

"Lakini Samsoni anajua," alisema Angetile, akitapatapa. "Samsoni, wewe uliikaza kitako mwaka juzi. Skrubu zilikuwa za namna gani? Sema kweli ya Mungu."

Samsoni akatazama pumba. Skrubu zilikuwa na msalaba kichwani, za bisibisi ya nyota, mpya kama za redio. Aliziona kwa macho yake, na tangu siku hiyo alikuwa amefanya bidii kutoziona. Bibi yake mwenyewe, kwa mujibu wa Samsoni, ndiye aliyezificha risasi za bunduki ile ndani ya chungu cha Kikisi vita yote, na kwa ajili ya chungu hicho Samsoni alikuwa akipewa kiti cha mbele kila ngoma.

"Zilikuwa za nyota," alikiri.

"Umesikia, Afande?"

"Mjerumani alikuwa mbele sana," aliongeza Samsoni. "Sisi ndio tumechelewa kuwa na bisibisi."

Ikaletwa bunduki. Haikuletwa na Angetile. Kwacha ndiye aliyekwenda kuitoa nyumbani kwake, akirudi nayo begani kwa kwata, nyuma yake watu kama thelathini. Koplo akaipokea kwa mikono miwili. Angetile alimwona jinsi mgongo ulivyomnyooka.

Koplo akaikoki. *Klaki.* Mbuzi wawili wakahama.

Akauchomoa mdomoni mwa mtutu ule utambi wa kitambaa chekundu ambao Angetile huutia kuficha uzibo, akachungulia, jicho moja amelifumba. Hapa sasa ukweli ungejitokeza wenyewe.

"Jamani," alisema Koplo, akiurudisha utambi haraka. "Ndani imeziba kabisa. Ina risasi imekwama tangu vita. Mzee, ulikuwa unacheza ngoma na kitu hiki mbele ya watoto?"

Umati ukarudi nyuma hatua tatu. Felista akafunika vitumbua.

"Ni madini ya bati yamemiminwa kiwandani," alisema Angetile, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayejua yuko peke yake.

"Mzee wangu, nakuelewa." Koplo alikuwa tayari anaandika, akisoma kwa sauti. "Bunduki moja. Ya Kijerumani. Ya mwaka 1914. Ina risasi. Imesalimishwa kwa hiari na Kapteni Angetile wa Ngonga, mjukuu wa shujaa. Weka sahihi hapa."

Angetile alishika kalamu. Kwa upande mmoja wa karatasi ile palikuwa na kweli ambayo hakuna aliyeitaka. Kwa upande wa pili palikuwa na muhuri wa serikali ukimthibitisha babu yake vitani. Miaka minane alikuwa ameomba mtu mmoja tu amwamini kwa moyo wote, sasa wamemwamini wote, na bei yake ni bunduki yenyewe. Akatia sahihi. Watu wakapiga makofi. Bega lake la kulia lilikuwa jepesi kiasi kwamba alipokaa alielemea kushoto.

"Na Jumamosi utatangulia na nini?" aliuliza Felista kwa upole, akimmiminia chai ambayo hakuiagiza.

"Sijui, mama. Mwavuli."

"Karonga watacheka mpaka wavuke tena."

"Najua."

Mashine ikawashwa tena. Watu wakaanza kutawanyika, kila mmoja na zamu yake. Angetile akabaki. Haikupita dakika mbili Kwacha akarudi, kana kwamba amesahau kitu, akachuchumaa karibu.

"Huyo mzungu wa Mzuzu," alinong'ona, "ameshaondoka kabisa, au alibakiza bunduki nyingine? Nauliza tu. Baba mkwe amekuwa akisema anataka kuiona kwangu."

"Si mmesema hakuna mzungu?"

"Kikaoni, Kapteni. Hapa hatuko kikaoni."

Kwacha akaondoka. Akaja Samsoni, akasema kama ipo ya kwake yeye angebadilisha skrubu mwenyewe. Hansadi hakuja. Alipita mbali, akakohoa, akasema, akitazama upande wa ziwa, kwamba mjomba Andendekisye alistahili kumbukumbu ukutani, hata ndogo.

Ijumaa alfajiri Angetile alikuwa anaijaribu kwata uani kwa mwavuli, ukimfunguka kila anapogeuka, alipokuja Koplo Lameck kwa miguu, bila kofia, bila daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Afande. Nimeshaweka sahihi."

"Najua. Ni hivi." Koplo akatazama barabarani kwanza. "Ile bunduki ilitakiwa iende Mbeya leo ikayeyushwe pamoja na gobole. Mkubwa akaiomba aitazame usiku mmoja. Aliikoki mara moja tu. Sasa iko ukutani kwake, na amesema haishuki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo daftari linasema bunduki moja ya Kijerumani, na gari linaondoka jioni. Naomba nyingine, mzee. Ya namna ile ile."

Angetile akaufunga mwavuli taratibu. "Afande, mimi si nilikwambia, mbele ya watu wote, kwamba ile ni ya bandia?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema Koplo. "Ya kweli ningeanzia wapi kuitafuta?"